Shimo Langu na Keki za Kosa

Jumatatu, 2 Septemba

Siku mbaya. Mbaya kabisa!

Dagny, mkuu wa kituo chetu cha kupima bahari, alituita kikaoni asubuhi na kuwasha mshumaa mezani ingawa jua lilikuwa linamwagika dirishani. Dagny akiwasha mshumaa mchana, ujue kuna mtu ataumia. Akamimina kahawa, akapitisha mkate, kisha akasema kwa ule upole wake unaotisha kwamba mashua haiwezi tena kufika sehemu zote tunazopima. Moja lazima ifutwe. Halafu akanitazama mimi.

Shimo langu! Namba saba! Katikati ya hori la Tornevig, mkono huu wa bahari ulioingia nchi kavu, mita ishirini na sita kwenda chini, hakuna penye kina zaidi katika hori zima. Nimechota tope lake tangu siku nilizokuwa na nywele.

Dagny anasema limekufa. Kwamba kila mwisho wa kiangazi maji ya chini yanaishiwa oksijeni, samaki wanakimbia, tope linakuwa jeusi na kunuka mayai mabovu. Hilo sikatai. Swali ni kama vijidudu vya ndani ya tope bado viko kazini. Mbolea yote inayosombwa na mvua kutoka mashambani inaishia horini, na vijidudu hivyo ndivyo vinavyoichukua naitreti ya mbolea hiyo na kuigeuza kuwa gesi ya naitrojeni, ikapanda zake hewani bila kumdhuru mtu. Tope likielemewa, linaacha kazi hiyo. Badala yake linatengeneza amonia na kuirudisha majini. Mwani unakula, unanenepa, unakufa, unaoza na kumaliza oksijeni iliyobaki, na mwaka unaofuata hali ni mbaya zaidi. Dagny anadhani shimo langu limefika huko. Ameamua kwamba Jumatano tuchote tope sehemu mbili, shimoni kwangu na kwenye ghuba ya Gudrun, tulinganishe. Itakayoshindwa inafutwa.

Gudrun Hvilsted! Ghuba yake, namba tatu, ina maji ya kiunoni, nyasi bahari, kaa wadogo na jua tele. Nani atashindana na hiyo? Mwenyewe alikuwa akikunjakunja tu karatasi ya kufutia mikono. Anajifanya mnyenyekevu! Na huyu ndiye mtu pekee kituoni ambaye hajawahi kuoka keki ya kosa.

Ndiyo sheria yetu. Anayevuruga kazi haandikiwi barua wala hakemewi. Anaoka keki, wenzake wanakula, mambo yamekwisha. Jytte mke wangu anasema oveni yetu inaijua kazi yangu vizuri kuliko yeye.

Lazima niliokoe shimo. Nimeanza kufikiri.

Jumanne, 3 Septemba

Upepo mkali wa magharibi tangu jana jioni. Bahari kuu inasukumwa horini kwa nguvu, gati nusu limezama. Evald, nahodha wetu, amekataa kutoka. Vizuri. Siku ya mipango.

Mpango wenyewe: shimo linakosa oksijeni, basi nilipelekee oksijeni! Kwa nini hakuna aliyewahi kuwaza hivyo? Niliazima pampu ya tangi la samaki la jirani (samaki wake wanne wakinitumbulia macho), nikapanga kujaza maji ndoo kumi na kuyapulizia hewa mpaka yatoe povu. Kesho, kabla hatujachota, nazimwaga zote juu ya shimo. Maji yenye hewa yanashuka. Tope linaamka. Dagny anazima mshumaa.

Ndoo sita tayari zilikuwa zinatoa povu gatini. Nilikuwa naichota ya saba, wimbi likanichota mimi.

Evald alinivua kwa upondo wa mashua, kanishika ukosi. Akaniuliza taratibu kama kuna kitu nilikuwa napima. Ndoo zote zimekwenda na maji. Pampu pia. Gudrun alileta blanketi na chai ya moto, halafu akaniuliza kwa hesabu zangu hori zima lina ndoo ngapi. Nikanywa chai. Meno yalikuwa yanagongana.

Dagny ameamua kwamba ndoo ni vifaa vya kazi. Kwa hiyo keki. Nimeoka ile ya sukari ya kahawia juu. Upande mmoja umeungua, nitaugeuzia kwa Gudrun.

Jumatano, 4 Septemba

Mafua. Pua imeziba kabisa. Nimeinusa kahawa, sikupata kitu. Nimenusa soksi za jana, vilevile.

Upepo umetulia lakini mawimbi bado. Hapa niandike jambo ambalo halijulikani sana nje ya kituo: mimi hutapika baharini. Miaka yote hii, kila safari. Leo mwili ulikuwa dhaifu na hali ikawa mbaya zaidi. Tulipofika juu ya shimo nilikuwa tayari nimejiinamia ukingoni, na sikuinua kichwa mpaka tuliporudi gatini. Gudrun na Evald ndio walioshusha chombo na kuvuta mabomba yangu matatu ya plastiki yaliyojaa tope, wakayazungushia karatasi nyeusi yasipigwe na mwanga, wakayaziba kwa vifuniko vya bluu. Bluu ni rangi yangu. Kisha tukaenda ghubani wakachota matatu ya Gudrun. Vifuniko vya manjano.

Nikiwa vilevile nimeinama nilimsikia Evald akisema tope la Torkild, yaani mimi, leo limeoga. Kejeli! Mtu hajiwezi, na bado anakejeliwa.

Gatini Gudrun alinifuata. Uso wake ulikuwa wa ajabu, sikuuelewa. Akaanza kusema kwamba kuhusu tope langu kuna jambo ningependa kulijua. Nikamkatiza hapo hapo. Nikamwambia mimi nina macho yangu, na kwamba kwetu sisi mtu wa kujisifu anaaibika kuliko mwizi wa baiskeli.  Akachukua mabomba yake akaondoka bila kugeuka.

Nilimweza! Ingawa nilipofika nyumbani sikujisikia vizuri. Mafua, bila shaka.

Alhamisi, 5 Septemba

Usiku kucha nimegeuka huku na huku. Ghuba yenye kaa dhidi ya shimo lenye mayai mabovu. Nimeshindwa kabla ya kupima. Mwaka kesho mashua itapita juu ya shimo bila hata kupunguza mwendo, na hakuna atakayekumbuka kuuliza lina hali gani.

Ndipo lilipokuja wazo, nikiwa napiga mswaki. Vifuniko!

Mabomba sita yamesimama kwenye chumba cha baridi. Yote marefu sawa, yote yamefungwa karatasi nyeusi. Kinachotofautisha ni vifuniko tu. Bluu hapa, manjano pale. Kama bluu ingehamia pale na manjano ikaja hapa, nani angeumia? Ghuba ya Gudrun ina afya, itapona hata ikikosa kupimwa. Shimo langu halina mtu mwingine. Si wizi huo. Ni vifuniko kubadilishana nafasi.

Saa tano na nusu wenzangu walikwenda kula. Nikasema tumbo bado halijatulia. Nikaingia. Cha kwanza, cha pili.  Nilikuwa nimeshika cha tatu, cha bluu, mlango ukafunguka. Evald! Amebeba chupa kubwa ya samaki wa siki, wale wa vitunguu, ambao Dagny amemkataza mara ngapi sijui kuwaweka pamoja na tope letu. Tukatazamana. Akakitazama kifuniko mkononi mwangu. Nikaitazama chupa yake. Akaisukuma nyuma ya rafu ya juu, akatoka. Nikamalizia.

Muungwana sana Evald. Nilirudi mezani nikala mkate mweusi wenye maini na vipande viwili vya bitiruti.

Ijumaa, 6 Septemba

Imefanyika. Dagny na Gudrun wameyatia mabomba naitreti iliyotengenezwa kwa naitrojeni nzito, ambayo mashine inaitambua popote itakapotokea. Ikitokea kwenye gesi, tope liko kazini. Ikitokea kwenye amonia, tope limeelemewa. Nilisimama kando mikono nyuma, nikawa mtu mwema. Nikamfungulia Gudrun mlango. Nikamwambia ghuba yake daima imekuwa nzuri na kwamba lolote litakalotokea asikate tamaa.

 Akasema asante, kwa sauti ndogo sana. Nadhani alijua anashindwa. Hawa watu wasiokosea wana hisi ya ajabu!

Jumapili, 8 Septemba

Nimeshindwa kujizuia, nimemwambia Jytte kila kitu. Nilitarajia apige makofi. Aliendelea kupaka siagi mkate wake, kisha akaniuliza kama nina hakika kwamba tope la Gudrun ni zuri kuliko langu.

Nilicheka mpaka nikakohoa. Jytte anasema tangu dhoruba ile maji ya pale tunapoogelea yamekuwa baridi, angavu na yenye chumvi kali, utadhani mtu amebadilisha hori zima. Na kwamba juzi alipita kwa baiskeli kando ya ghuba ya Gudrun akalazimika kubana pua, mwani uliooza umelala juu ya maji kama blanketi chafu, ndege wenyewe wanapita mbali. Aliniuliza kama mimi sikuisikia ile harufu.

Nikamkumbusha kwamba yeye ni msaidizi wa daktari wa meno. Akasema kweli, na kwamba kazini kwake huwa wanaangalia mdomo wa mgonjwa kabla ya kung'oa.

Sijui alikuwa na maana gani. Pua bado imeziba.

Jumatatu, 9 Septemba

Siamini! Siamini! Siamini!

Mashine imetoa majibu. Mabomba ya manjano: gesi kwa wingi, tope linafanya kazi kuliko mwaka wowote wa karibuni. Mabomba ya bluu: amonia tupu. Gesi kidogo mno, haistahili hata kuandikwa.

Dagny alikuja mezani kwangu akaniwekea mkono begani. Hakuwasha mshumaa, jambo ambalo ni baya zaidi. Akasema anajua shimo lile lina maana gani kwangu. Akasema kesho tutakata tope tuangalie ndani, kwa heshima, kisha tutafunga namba saba.  Nilikwenda chooni nikafungulia maji ili wasinisikie. Mtu mzima wa miaka hamsini na kitu, analilia tope.

Lakini nikiwa huko chooni akili ikafanya kazi. Nilibadilisha vifuniko. Bluu ilikuwa juu ya tope la Gudrun. Basi ilipaswa bluu ishinde! Imeshindwaje? Kuna jibu moja tu. Gudrun naye amebadilisha! Ameingia baada yangu akavirudisha, kwa hila, kwa siri, kama mwizi!

 Ulimwengu huu una watu gani! Ndiyo maana leo majibu yaliposomwa alikitazama kifuniko kile cha bluu kwa muda mrefu hivyo, halafu akatazama chini. Dhamiri inamsuta. Kesho namuumbua mbele ya wote.

Jumanne, 10 Septemba

Niandike polepole ili nisikose hata kitu kimoja.

Niliamka pua imefunguka. Kahawa! Sabuni! Dunia! Nikaona ni dalili njema.

Tulikusanyika kwenye meza ya kukatia, Dagny, Gudrun, Evald na mimi. Dagny akatoa karatasi nyeusi kwenye bomba la kwanza la bluu na kufungua kifuniko. Harufu ikatupiga usoni. Mayai mabovu, ya kweli kabisa, ya kuliza macho.  Nikajisemea hili ndilo shimo langu, maskini, ndivyo linavyoaga. Nilikuwa nimeshavuta pumzi kumuumbua Gudrun.

Dagny akachomoa kitu kwa koleo ndogo akakiinua kwenye mwanga. Uzi mweupe wenye vifundo. Akaniuliza ni nini.

Nikasema ni mzizi. Akauliza wa nini. Nikasema, kwa sauti iliyoanza kupungua, wa nyasi bahari. Akauliza nyasi bahari zimefikaje mita ishirini na sita chini, gizani.

Hapo ningeweza kunyamaza. Badala yake nilitoa hotuba. Nilisema sayansi bado haijui kila kitu. Nilisema kuhusu mikondo. Nilisema huenda kuna aina ya nyasi bahari ambayo haipendi mwanga, yenye haya. Nikasema ugunduzi mkubwa daima huchekwa mwanzoni, na kwamba shimo langu, hata likiwa linakufa, limetupatia kitu ambacho dunia haijakiona. Evald alikuwa anatazama dari. Nilikuwa nimefika kwenye jina nitakaloupa mmea huo wakati Gudrun alipoweka kikombe chake mezani.

"Tope hilo ni langu, Torkild," alisema. "La kwako ndilo lililo hai. Nililivuta kwa mikono yangu, nikaliona lina ngozi ya kahawia juu na halinuki kabisa. Nilitaka kukwambia gatini, ukanikatiza."

 Nililitazama bomba la bluu, nikalitazama la manjano.

Kisha ikaniingia. Polepole, kama maji ya baridi yanavyopanda mtu anapoingia baharini. Kama bluu ni la Gudrun, manjano ni langu. Kama manjano ni langu, gesi yote ile ni yangu! Shimo liko hai! Linafanya kazi kuliko mwaka wowote! Na njia pekee ya kuliokoa ni kila mtu ajue mimi ni tapeli.

"Ni mimi!" nilipiga kelele. "Nilibadilisha vifuniko! Mimi mwenyewe, Alhamisi, mlipokwenda kula!"

Sijawahi kukiri kosa kwa furaha namna ile. Dagny alinitolea macho, akauliza kama kuna wa kuthibitisha, maana kwa jinsi ninavyolipenda lile shimo ningeweza kukiri lolote. Hilo lilinichoma, lakini lina ukweli. Nikamgeukia Evald. Evald akageukia dirisha.

"Nilimwona," alisema mwishowe. "Ameshika cha bluu."

Dagny akamuuliza yeye alikuwa anatafuta nini katika chumba cha baridi. Kwa hiyo Evald naye anadaiwa keki, na samaki wake wametoka rafu ya juu. Hajanisemesha tangu hapo.

Tukafungua mabomba ya manjano. Hakuna harufu! Tope laini, na juu yake ngozi ile nyembamba ya kahawia ambayo nilikuwa sijaiona mwisho wa kiangazi kwa miaka mingi. Dagny anasema ni dhoruba. Maji mazito ya chumvi, yamejaa oksijeni, yamesukumwa kutoka bahari kuu na kuteremka mpaka shimoni, na vijidudu vikarudi kazini kana kwamba vilikuwa vinasubiri simu tu. Wakati huohuo kule ghubani joto la Agosti lilirundika mwani, ukaoza, ukaziba pumzi ya tope la Gudrun.

Kumbe dhoruba ilikuwa inafanya kazi ileile niliyokuwa naifanya mimi kwa ndoo! Nilimwambia Dagny kwamba ndoo zangu sita nazo zilimwagikia humohumo horini na mchango wake usidharauliwe. Hakuandika.

Amri yake: kesho tunachota upya. Mabomba wazi, vifuniko vinakaa mfukoni mwa Evald. Na keki yangu safari hii iwe ya tabaka.

Alhamisi, 12 Septemba

Limeokoka! Shimo limeokoka!

Jana tulichota upya na leo mashine imesema neno lilelile, bila vifuniko vyangu kuingilia. Tope la shimoni linapumua gesi. Dagny amesema namba saba inabaki. Nilimkumbatia. Nikamkumbatia Evald, ambaye alisimama kama nguzo. Nilitaka kumkumbatia na Gudrun lakini hakuwapo.

Nilimkuta kwenye benchi la nje, bado amevaa viatu vyake virefu vya kuingilia majini, anatazama upande wa ghuba yake. Tope lake limetoa amonia tena. Sheria ya Dagny haijabadilika: sehemu moja lazima ifutwe. Namba tatu itapimwa mara ya mwisho Jumatano ijayo, na kama hali ni hii hii, inafutwa.

Nilitaka kusema kitu cha kufaa. Nikasema angalau harufu yake sasa naijua. Halikuwa la kufaa.

Evald anasema upepo wa Oktoba utaubeba mwani wote, ghuba itapumua tena, ameliona hilo utotoni mara nyingi. Gudrun akasema anajua. Akasema tatizo ni kwamba Oktoba inakuja baada ya Jumatano.

Ijumaa, 13 Septemba

Keki tatu mezani leo. Kituo hakijawahi kuona.

Yangu ya tabaka tatu, krimu, jemu ya rasiberi na bendera ndogo juu, imeegemea kushoto kidogo tu. Ya Evald ya nazi, tamu kupita maelezo, jambo lililotuudhi sote. Na ya tatu haikuwa na mwenyewe. Kavu, bapa, imepasuka katikati. Dagny akauliza ni ya nani.

Gudrun akasimama. Akasema ni yake.

Mimi nimesubiri siku hii miaka kumi na moja! Nimeiota! Nilikuwa nimeshaandaa hotuba! Akasema alijua tangu Jumatatu. Majibu yaliposomwa tu alielewa kwamba vifuniko vimehamishwa, kwa sababu tope langu aliliona mwenyewe kwa macho. Na akanyamaza siku nzima.

"Nilitaka ghuba yangu iishi," alisema. "Nikaona nikinyamaza tu, itaishi. Usiku sikulala."

 Dagny akakata kipande akala. Evald akala. Nami nikala. Ilikuwa kama kutafuna kizibo, nikaomba kipande cha pili. Ile hotuba yangu sikuitoa. Nilimtazama Gudrun akikusanya makombo ya keki yake kwa kidole, mtu asiyejua kukosea, hana hata mazoezi, nikasikia moyo unaniuma kama siku ile ya chooni. Ghuba yake haijafa. Inahitaji mwezi mmoja tu na upepo. Shimo langu lilipata dhoruba yake kwa wakati. Yake imechelewa, basi.

Nimerudi nyumbani kwa miguu nikisukuma baiskeli, nawaza. Jytte ameniuliza kama kuna nililojifunza wiki hizi mbili. Nikamwambia mengi sana. Nimejifunza kwamba Gudrun ni mtu mwema, kwamba hori hili lina uhai kuliko tunavyodhani, na kwamba mtu akimsaidia mwenzake hapaswi kusubiri Oktoba.

Kwenye chumba cha baridi yapo mabomba yangu mawili ya ziada ya juzi. Tope zuri, ngozi ya kahawia, halinuki. Jumatano ni mabomba wazi, sawa, lakini tope langu likikaa mahali pa tope la Gudrun, nani atalijua? Evald ni lazima ale saa tano na nusu kama kila mtu.

Kosa la mara ya kwanza nimeliona lilipokuwa. Safari hii nitapachika na mzizi wa nyasi bahari.